Tusiwapime watoto kwa debe la jirani

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya darasa la saba, mazungumzo ya wazazi katika kata ya Kizwite, mjini Sumbawanga, hugeuka mnada wa alama. Dukani, bombani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, hata nje ya nyumba za ibada baada ya sala, swali ni moja tu: "Wako amepata ngapi?" Na katika masomo yote sita ya mtihani huo, somo linaloulizwa kwanza ni Hisabati. Mtoto aliyepata A husemwa kwamba ana akili. Aliyepata D husemwa kwamba hana, na mara nyingi maneno hayo hutamkwa mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo, anasikia.

Mnada huo siku hizi haungoji mtihani wa Septemba. Huanza na upimaji wa darasa la nne, ukaendelea na mitihani ya ujirani mwema, mitihani ya kata, mitihani ya manispaa na mtihani wa utamilifu wa mkoa. Orodha ya majina, yaliyopangwa tangu wa kwanza hadi wa mwisho, hubandikwa ukutani. Na mara tu ikibandikwa hupigwa picha ikasambazwa katika simu za wazazi. Mtoto wa nafasi ya mia moja na kumi hufika nyumbani akakuta habari zake zimemtangulia.

Kizwite si mahali pa pekee katika jambo hili. Hali ni hiyo hiyo Katandala, Chanji, Izia na Majengo, na bila shaka ni hiyo hiyo katika miji mingine ya Tanzania. Lakini ni heri kila mtu aanze kufagia uwanja wake. Kizwite ina watumishi wa umma, walimu, wafanyabiashara na wakulima wanaoishi ukuta kwa ukuta, na watoto wao hukutana katika mtihani ule ule mmoja. Kwa hiyo mahali hapa panafaa sana kwa kuliangalia jambo hili kwa makini.

Hoja ya makala haya ni fupi. Alama ya Hisabati ya mtoto mmoja, ikilinganishwa na ya mtoto wa jirani bila kujua kila mmoja ameandaliwaje na amekosea wapi, haimfundishi mzazi neno lolote. Humpa majivuno asiyoyastahili, au humpa aibu asiyoistahili. Linalofaa kulinganishwa ni kazi ya mtoto yule yule, ya mwezi uliopita na ya mwezi huu. Na kazi hiyo mzazi anayo haki ya kuiona kwa macho yake.

KIPIMO

Watu wa Ufipa hawahitaji mtu wa kuwafundisha umuhimu wa kipimo cha haki. Mkulima wa mahindi anajua kwamba gunia la debe sita na lumbesa si kitu kimoja, ingawa mnunuzi huviita vyote viwili gunia. Anajua pia kwamba debe lililobonyezwa ubavu na debe zima hayalingani, hata yakijazwa mbele ya macho yake. Ndiyo maana lumbesa ikapigwa marufuku, na ndiyo maana mkulima mwenye busara hukataa kuuza mpaka aione mizani.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, anayekataa debe la mashaka katika mahindi yake, hukubali debe la mashaka katika mtoto wake.

Hebu tuitazame mizani yenyewe. Karatasi ya Hisabati ya darasa la saba ina alama 50. Alama 41 hadi 50 ni A; 31 hadi 40 ni B; 21 hadi 30 ni C; 11 hadi 20 ni D; na kumi kushuka chini ni E. Basi mtoto mwenye alama 30 ana C, na mwenye alama 31 ana B. Kinachowatenga ni alama moja. Mtaani, hata hivyo, watu hawazungumzi alama. Huzungumza herufi, na kwa herufi hizo mmoja hununuliwa viatu vipya na mwenzake hunyimwa chakula cha jioni.

Tena, tangu mwaka 2012, mashine zilipoanza kutumiwa kusahihisha mtihani huu, sehemu kubwa ya karatasi imekuwa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya matano. Mtoto asiyejua kitu, akijaza herufi kwa kubahatisha katika maswali 40 ya namna hiyo, kwa wastani atapatia manane. Yupo pia mtoto mwingine aliyeyajua manane hayo kwa jasho lake, na yaliyobaki akayaacha wazi. Alama zao ni sawa, lakini mmoja amekwisha kuanza safari na mwingine bado hajaondoka nyumbani.

Hata hapo juu zaidi mambo ni hayo hayo. Tuchukue watoto wawili wenye alama 24 kila mmoja. Wa kwanza anajua namba nzima, anajua vipimo, anajua maumbo. Lakini kila swali lenye sehemu au desimali limemshinda. Wa pili anajua kanuni zote, ila husoma polepole, na mafumbo yaliyoandikwa kwa sentensi ndefu yamemla muda wake. Wa kwanza anahitaji kurudishwa kwenye sehemu, pengine kwa majuma matatu ya kazi ya dhati. Wa pili anahitaji vitabu vya hadithi vya Kiswahili. Wazazi wao wakikutana sokoni wataambiana kwamba watoto wao wako sawa, wataagana, na hakuna atakayejua la kufanya.

MAANDALIZI

Jambo la pili ambalo mnada wa alama hulificha ni maandalizi. Mkulima akiona shamba la jirani limetoa mahindi mengi kuliko lake, haulizi mavuno peke yake. Huuliza: alilima lini? Alitia mbolea gani? Mbegu aliitoa wapi? Alipalilia mara ngapi? Asipouliza hayo, wenzake watamcheka.

Katika Kizwite yupo mtoto anayesoma shule ya kulipia, katika darasa la wanafunzi thelathini au arobaini, ambaye jioni hurudi nyumbani kwenye umeme na meza, na mwalimu wa ziada akamfuata huko huko. Yupo mwingine anayesoma shule ya umma katika darasa ambalo mwalimu hawezi kusahihisha madaftari yote kabla kengele haijalia. Jioni huyu huchota maji, hulea mdogo wake, na taa ikiwashwa yeye amekwisha kusinzia. Ikifika Mei hadi Julai, majira ya kuvuna na kupukuchua, mikono yake huhitajika shambani. Akipata alama 22 na mwenzake akapata 40, je, ni nani kati yao aliyefanya kazi kubwa zaidi? Alama hazijibu swali hilo, wala hazikutungwa kulijibu.

Zipo pia shule zinazochuja. Mtoto dhaifu hukaririshwa darasa, au mzazi wake huitwa na kushauriwa kwa upole amtafutie shule nyingine, kabla mwaka wa mtihani haujafika. Wastani wa shule hiyo ukitangazwa hung'aa. Lakini huo ni wastani wa waliobakizwa. Mtu akitoa punje mbovu zote kwenye gunia kisha akaleta kikombe kimoja cha punje nzuri, hajathibitisha kwamba shamba lake ni bora.

Matokeo ya ushindani huu yanaonekana katika mifuko ya wananchi. Mzazi aliyesikia kwamba mtoto wa jirani yuko tuisheni hutafuta tuisheni. Akisikia kwamba wengine wameingia kambi, huuza debe kadhaa za mahindi aliyoyaweka kwa chakula ili wake naye aingie kambi. Tangu Januari 2016 Serikali ilipoondoa ada katika shule za msingi na za sekondari za umma hadi kidato cha nne, ilikusudiwa kwamba kikwazo cha fedha kiondoke mlangoni. Kwa tuisheni kikwazo hicho kimerudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii tunakirudisha wenyewe.

Hapa pana neno ambalo lazima lisemwe waziwazi, ingawa litawaudhi baadhi ya ndugu zetu walimu. Mwalimu anapofundisha nusu somo asubuhi, na nusu iliyobaki akaiuza jioni kwa wanafunzi wale wale, huo ni unyonyaji. Walimu wa namna hiyo ni wachache, na wengi wa wenzao hubaki darasani jioni bila kulipwa senti. Lakini hao wachache wanatosha kumfanya mzazi aamini kwamba bila fedha mtoto hafundishiki.

Na katika vikao hivyo vya jioni, mara nyingi kinachofundishwa ni karatasi za miaka iliyopita: swali la kumi na mbili hujibiwa hivi, la kumi na tatu hujibiwa vile. Mtoto hukariri njia bila kujua inakokwenda. Swali likigeuzwa kidogo tu, likaulizwa kwa magunia badala ya machungwa, hubaki ameduwaa.

HISTORIA

Mashindano haya yana asili yake, na si haki kuwalaumu wazazi kana kwamba wameyabuni wao. Shule za kikoloni zilijengwa ili kuchuja: wengi waanze, wachache wapite, na hao wachache wajione watu wa aina nyingine. Mwalimu Nyerere alilikemea hilo katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, akieleza kwamba mtihani ulikuwa umegeuka ndio shabaha ya shule, ilhali haupimi tabia ya mtu wala uwezo wake wote wa kufikiri. Mwaka 1973 Taifa lilianzisha Baraza lake lenyewe la Mitihani. Mwaka uliofuata, Novemba 1974, Azimio la Musoma lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote na maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi yahesabiwe, asihukumiwe kwa karatasi ya siku moja. Mkoa wa Rukwa nao ulizaliwa mwaka huo huo wa 1974, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa nchini.

Hata hivyo nafasi za sekondari zilibaki chache mno. Miaka ya mwanzo ya 1980, kati ya watoto mia moja waliomaliza darasa la saba, walioitwa katika sekondari za Serikali hawakufika kumi. Mzazi wa wakati ule aliyeuliza jirani yake amepata ngapi alikuwa na sababu: alama moja iliweza kumtenga mtoto na shule maisha yake yote.

Leo sababu hiyo imekwisha. Sekondari za kata zimejengwa, na mtoto aliyefaulu hupata nafasi ya kidato cha kwanza. Lakini kasumba ya mchujo haikufa pamoja na mchujo. Imehamia kwingine: nani kaitwa shule ya vipaji, nani kaenda shule ya kulipia, nani kabaki shule ya kata. Tumebomoa ukuta, kisha tukaendelea kupigana mahali uliposimama.

Na tunapigania nini hasa? Katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2012, waliofaulu Hisabati nchini hawakufika mmoja kati ya watano. Mwaka 2013 hali ilipanda, lakini hawakufika mmoja kati ya watatu. Katika kidato cha nne cha mwaka 2022, waliofaulu Hisabati walikuwa kama mmoja kati ya watano. Mwaka 2023, kama mmoja kati ya wanne. Katika hali hiyo, kumshinda jirani ni ushindi gani? Watu wawili waliozama mtoni, mmoja maji yakimfika shingoni na mwingine kidevuni, hawana sababu ya kushindana kwa urefu. Wanahitaji ng'ambo.

MADHARA

Tunda chungu kuliko yote la ushindani huu ni udanganyifu. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lililazimika kufuta matokeo ya darasa la saba katika shule zote za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, na katika shule kadhaa za sehemu nyingine, na watoto wakarudia mtihani Oktoba mwaka huo. Mwaka 2022 yalifutwa matokeo ya watahiniwa 2,194. Watoto hawa hawakukaa kikao wakapanga njama. Waliopanga ni watu wazima, waliotaka herufi nzuri kwa gharama yoyote, kwa sababu waliishi katika jamii isiyouliza herufi imepatikanaje.

Baraza lenyewe limeiona hatari hiyo. Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, lilisema halitataja tena wanafunzi kumi bora wala shule kumi bora. Wenzetu wengine wamepita njia hiyo. Singapore, nchi inayosifiwa kote duniani kwa Hisabati ya watoto wake, iliacha kuwatangaza vinara wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi mwaka 2012. Na mwaka 2021 ikaacha utaratibu wa zamani wa kumpa kila mtoto alama kwa kumlinganisha na wenzake, ikaweka madaraja mapana yanayoonyesha mtoto anajua kiasi gani. Majirani zetu wa Kenya walifanya mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kila nchi ina sababu zake, na hatuna haja ya kuiga kila kitu. Lakini itakuwa ajabu Taifa liache kupanga watoto kwa nafasi, halafu sisi mitaani tuendelee kuwapanga kwa simu.

Wapo watakaosema kwamba ushindani huchochea juhudi. Hilo lina ukweli wake kwa mtoto aliye karibu na kilele. Kwa mtoto wa nafasi ya mia moja na kumi, orodha humwambia jambo moja tu, kwamba hesabu si zake. Akiambiwa hivyo mara sita kwa mwaka, ataamini. Na aliyekwisha kuamini hajaribu tena.

Wapo pia watakaosema kwamba shule zisipolinganishwa, shule mbovu zitajificha. Hoja hii ni nzito zaidi, na lazima ijibiwe. Ni kweli, shule ambayo karibu watoto wake wote wamepata E katika Hisabati lazima ijulikane, na wahusika waulizwe. Lakini swali hilo waulizwe wenye dhamana: walimu wapo wangapi? Wa Hisabati ni nani? Vitabu viko wapi? Kamati ya shule imekutana mara ngapi? Kulinganisha shule ili kudai uwajibikaji ni haki ya raia. Kulinganisha watoto ili kugawa sifa na matusi ni jambo jingine kabisa, na hakuna afisa hata mmoja aliyewahi kuwajibika kwa sababu mtoto wa fulani alichekwa.

MSINGI

Wazee wa Ufipa walilima kwa matuta ya nyasi. Mwishoni mwa mvua nyasi zilifukiwa chini ya udongo ili zioze, na juu yake maharage yakapandwa. Msimu uliofuata tuta lilivunjwa, likatandazwa, na mbegu ya ulezi au mahindi ikatiwa katika ardhi iliyokwisha kushiba. Aliyelala wakati wa kufukia nyasi hakuweza kuja kulia wakati wa kupanda.

Hisabati ya darasa la saba hufukiwa darasa la kwanza, la pili na la tatu. Mtoto asiyejua kwamba 47 ni makumi manne na mamoja saba hataelewa kutoa kwa kukopa. Asiyeelewa kugawanya hataelewa sehemu. Asiyeelewa sehemu hataelewa asilimia. Na bila asilimia hawezi hata kusoma mkopo atakaopewa na chama chake cha ushirika. Hata hivyo, katika shule nyingi mwalimu hodari wa Hisabati huwekwa darasa la saba, na madarasa ya chini hupewa yeyote aliyebaki. Tunamwaga mbolea yote juu ya hindi lililokwisha kukauka.

Lipo pia suala la lugha. Watoto wengi wa vijiji vinavyouzunguka mji, na baadhi ya watoto wa mji wenyewe, huanza shule wakizungumza Kifipa nyumbani. Fumbo la Hisabati ni kisa kilichoandikwa kwa Kiswahili. Mtoto asiyetofautisha "amebakiwa na" na "amezidiwa kwa" atakosea hesabu anayoiweza. Akifika kidato cha kwanza lugha hubadilika tena, hesabu ikavaa Kiingereza. Basi mwalimu wa Kiswahili naye ni mwalimu wa Hisabati, ajue asijue.

Na mzazi naye ni mwalimu, hata kama hakupita shule. Mwanamke anayeuza maharage sokoni hufanya hesabu za faida na hasara siku nzima bila kalamu. Akimwita mwanawe akamwambia, "Gunia ni debe sita, mteja anataka robo tatu ya gunia, mpimie," mtoto atakayefikia debe nne na nusu kwa mikono yake hatazisahau sehemu tena. Hiyo ni Elimu ya Kujitegemea isiyohitaji waraka, wala ada ya tuisheni.

TUFANYE NINI

Kwanza, karatasi za mitihani ya ndani zirudishwe nyumbani zikiwa zimesahihishwa. Mitihani ya ujirani mwema, ya kata na ya utamilifu hugharimu fedha na muda, na thamani yake yote imo katika makosa yanayoonekana ndani yake. Kumpa mzazi namba 24 na kumnyima karatasi ni sawa na daktari kumwambia mgonjwa kiwango cha homa yake kisha akakataa kumtaja maradhi.

Pili, orodha za nafasi zishuke ukutani. Mahali pake kila mzazi apewe karatasi moja ya mtoto wake: namba nzima, sehemu, desimali na asilimia, vipimo, maumbo, takwimu, mafumbo; wapi amefika, wapi bado. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi atasema kwamba kazi hiyo ni kubwa, naye anasema kweli. Lakini wanafunzi wa darasa la saba wanaweza kufundishwa kujaza karatasi hiyo wenyewe, kutokana na mtihani wao uliosahihishwa, na kuijaza kwao kutakuwa somo.

Tatu, walimu wakae vikao juu ya makosa. Baraza la Mitihani huchapisha kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na kueleza kwa nini wengi walikosea. Ni hazina isiyolipiwa. Afisa Elimu Kata akiwakutanisha walimu wa Hisabati wa shule za kata yake kwa siku moja tu kuisoma, kata itapata faida kuliko kwa kambi ya mwezi mzima.

Nne, wakuu wa shule wapeleke baadhi ya walimu wao bora katika madarasa ya chini, na maofisa wa juu wasiwaadhibu kwa wastani wa mwaka mmoja wakati mbegu hiyo bado iko ardhini.

Tano, mwalimu asimtoze fedha mwanafunzi wake mwenyewe kwa somo ambalo tayari analipwa mshahara kulifundisha. Watoto wanaohitaji kusaidiwa wasaidiwe na shule, kwa mpango uliokubaliwa na kamati ya shule, na umaskini wa mzazi usiwe sababu ya mtoto kuachwa nje ya dirisha.

Sita, sisi wazazi tubadili swali. Badala ya "umepata ngapi?" na "fulani amepata ngapi?", tuulize: "Umekosea wapi? Sasa unaweza kunionyesha? Mwezi uliopita uliweza hili?" Mtoto aliyetoka alama 14 akafika 22 amepanda mlima. Aliyetoka 41 akafika 42 amepiga hatua moja kwenye uwanda. Kila mmoja apewe haki yake.

Jambo hili lina haraka yake. Kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 wamepangwa kumaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao wa utaratibu wa zamani watamaliza darasa la saba. Makundi mawili, yaliyofundishwa kwa mitaala miwili na kupishana kwa mwaka mzima wa masomo, yataelekea kidato cha kwanza kwa pamoja. Ndugu wawili wa tumbo moja huenda wakamaliza siku moja. Tukiingia mwaka huo na kasumba yetu ya leo, tutamlinganisha mtoto wa miaka sita ya shule na mtoto wa miaka saba, tumwite mmoja mjinga, na wala tusione kwamba kosa ni la hesabu yetu sisi.

Muda wa kujiandaa tunao bado, lakini si mrefu. Vikao vya wazazi hufanyika kila muhula katika shule za Kizwite. Katika kikao kijacho, mzazi mmoja asimame na aombe karatasi ya mtoto wake iliyosahihishwa, na mwalimu mmoja akubali kuikalia naye kwa dakika kumi. Wakianza hao wawili, wengine watafuata.